Simu inahesabu hatua ambazo Baba hakuzitembea

SWALI

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mtwara mjini, mtaa wa Chuno. Baba yangu mzazi yuko Mikindani, katika nyumba ile ile aliyotulelea. Ana umri wa miaka 67, na tangu ujana wake ni fundi cherehani. Hadi leo anashona barazani kwa cherehani ya miguu, hasa kanzu na sare za shule.

Mwaka jana tuliona ameanza kusimama njiani. Akitoka nyumbani kwenda msikitini, mwendo ambao zamani aliumaliza kabla mwadhini hajamaliza adhana, shavu la mguu wa kulia humkaza kama limefungwa kamba. Husimama akajifanya anamsalimu mtu au anatazama mashua, na baada ya dakika mbili tatu maumivu hupoa akaendelea. Sisi tulisema ni uzee, na jirani mmoja akasema ni baridi yabisi. Tulipompeleka hospitali, daktari alimpima presha mkononi, kisha akampima tena kwenye kifundo cha mguu, akalinganisha, akatueleza kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni imekuwa myembamba. Alimwandikia dawa ya presha, dawa ya lehemu na aspirini, akamwambia aache sigara, akamwambia pia atembee. Atembee vipi, hatukuelezwa.

Kaka yangu mkubwa, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, aliposikia neno hilo la kutembea alimtumia Baba simu janja yenye programu ya kuhesabu hatua. Aliagiza kwamba kila jioni mjukuu anayekaa na Baba apige picha ya kioo cha simu na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Lengo aliloweka ni hatua 10,000 kwa siku. Wiki za kwanza zilikuja 900, 1,200, mara moja 1,500, na kila jioni kaka alipiga simu kumhimiza Baba kwa maneno ambayo mimi nisingethubutu kumwambia mzazi. Halafu, siku za kuelekea Idi, hesabu ikapanda ghafla hadi 6,000, siku nyingine 8,000. Kundi zima lilishangilia, na shangazi yetu akaandika Mashaallah mara tatu.

Ijumaa moja nilikwenda Mikindani kumtazama. Nilimkuta yuko kwenye cherehani, kanzu za Idi zimejaa mezani, simu imo mfukoni mwa suruali, na paja linapanda na kushuka kwa kufuata kanyagio. Nikapata wazo. Nikamwomba simu, nikaisoma namba, nikamrudishia mfukoni. Alipomaliza upande mmoja wa kanzu nikaitazama tena: zilikuwa zimeongezeka hatua mia mbili na kitu, na Baba hakuwa amenyanyuka kitini. Adhana ilipolia akaitoa simu, akaiweka mezani kando ya chaki, akaenda msikitini bila hiyo simu na kurudi. Aliniambia haendi nayo kwa sababu iliwahi kulia katikati ya swala, akaona haya.

Sikumwambia kaka. Nilichelea kumvunja moyo yeye, na nilichelea kumwaibisha Baba. Lakini jambo lililoniuma zaidi ni kwamba mkwe mmoja, ambaye naye yumo katika kundi lile, alimwuliza Baba mbele ya watu, "Fundi, leo umefikisha ngapi?" Baba alicheka, ila tangu siku ile anaiacha simu kwenye droo.

Kwa upande wangu, ninapomwona anakunja uso kwa maumivu huwa namsihi akae, apumzike, mtoto atatumwa dukani. Kaka anasema ninamdekeza na kumlemaza. Siku ya kliniki nilijaribu kumwonyesha muuguzi zile hesabu za simu, akanijibu kwamba wao hawana kazi na simu. Sasa kaka anataka kununua saa janja, ati simu haitoshi.

Naomba unisaidie. Je, simu hii ina faida yoyote kwa mgonjwa wa mishipa, au ni mchezo wa vijana? Baba atembee akiwa na maumivu, au asitembee? Na nimwambie nini kaka?

Binti wa Fundi, Mtwara

JIBU

Marahaba, Binti wa Fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwa muda mrefu pale ulipoirudisha simu mfukoni mwa Baba na kungoja amalize kushona. Ulifanya jaribio ambalo wanunuzi wengi wa vifaa hivi hawalifanyi, na jawabu ulilolipata ni sahihi.

Ndani ya simu janja kuna kitambuzi kidogo cha mwendo, kinachohisi kutikisika na mwelekeo wa kutikisika huko. Hakioni miguu wala hakijui barabara. Programu huchukua mtikisiko unaojirudia kwa mpigo wa sawasawa, kama unavyojirudia mwendo wa mtu anayetembea, ikauita hatua. Paja la fundi anayekanyaga cherehani lina mpigo wa sawasawa kuliko hata la mtembezi, basi simu ikadanganyika. Kinyume chake, mtu anayetembea polepole, anayechechemea au anayesimama kila baada ya mita chache, mpigo wake huvunjika, na hapo simu huweza kumpunja hatua alizozipiga kwa tabu. Baba yako ana yote mawili, na juu yake simu hubaki mezani katika safari anazozitembea kweli. Kwa hiyo namba mlizokuwa mkizishangilia zilihesabu kanzu na kuacha msikiti.

Hata hivyo sitasema kwamba kifaa hiki ni mchezo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 110 waliokuwa wakisubiri matibabu ya moyo au ya mishipa ya damu, waliopewa simu na saa za Apple. Wagonjwa hao walipimwa kwa kutembea dakika 6, na aliyeshindwa kufikisha mita 300 alihesabiwa kuwa dhaifu. Kipimo kilipofanyika kliniki chini ya usimamizi, kifaa kiliwatambua wagonjwa dhaifu 90 katika kila 100, na katika kila 100 wasio dhaifu kikawatambua 85 kuwa hivyo. Kipimo hicho hicho kilipofanyika nyumbani, dhaifu waliotambuliwa walikuwa 83, lakini kwa wasio dhaifu usahihi ulishuka hadi 60. Maana yake ni kwamba nyumbani kifaa bado kinaona mengi, ila kinapiga kelele za bure mara nyingi zaidi. Ni shahidi wa kusikilizwa pamoja na mashahidi wengine, na watafiti hao walifanya kazi na watu waliokubali kukibeba.

Sasa zile hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka hospitalini. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kipima hatua kilichoitwa Manpo-kei, jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi, na jina hilo la dukani ndilo lililosambaa duniani likageuka kuwa sheria. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia wanawake wapatao 16,700 wenye wastani wa umri wa miaka 72, uliona kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walifariki kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea kama 2,700, na kwamba baada ya hatua kama 7,500 tofauti haikuongezeka tena. Hao hawakuwa wagonjwa wa mishipa ya miguu, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba hatua zenyewe ndizo zilizookoa. Nautaja ili kaka yako aone kwamba hata kwa wazee wa kawaida elfu kumi si mpaka wa uzima. Kumdai elfu kumi mtu ambaye mguu unamsimamisha kabla hajafika msikitini ni kumpangia kushindwa kila jioni, tena mbele ya wakwe.

Hapo nimekuunga mkono wewe. Katika swali la pili itabidi nikuudhi kidogo, dada yangu, kwa sababu kaka yako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wewe, ingawa njia yake ni mbaya.

Maumivu ya Baba yako ni kilio cha msuli unaodai damu nyingi kuliko ile inayoweza kupita katika mshipa uliobana. Akisimama, dai linapungua, na maumivu yanapoa ndani ya dakika chache. Kwa aina hii ya maumivu, yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kusimama, kutembea hakuharibu mguu. Kutembea ndiyo dawa, na ni miongoni mwa dawa zenye ushahidi mzuri kabisa katika ugonjwa huu. Mshipa uliobana hauzibuki kwa mazoezi, lakini misuli hujifunza kuitumia vizuri zaidi damu inayofika, na taratibu umbali wa kutembea bila kusimama huongezeka. Unapomwambia akae, huruma yako inampunguzia dozi.

Dozi yenyewe ina utaratibu, na huenda hapo ndipo daktari alipobanwa na foleni. Mgonjwa hutembea mahali tambarare hadi maumivu yawe ya kati au makali kiasi, si hadi machozi, kisha husimama au huketi mpaka yapoe, halafu huanza tena. Mzunguko huo huendelea kwa dakika 30 hadi 45, pamoja na mapumziko yake, si chini ya siku 3 kwa wiki, kwa muda wa wiki 12 au zaidi. Mwanzoni Baba anaweza kuanza na dakika chache zaidi ya anazozizoea. Kwa Mikindani ningechagua asubuhi kabla ya jua, kando ya ghuba, wala si kile kilima cha kuelekea Boma, kwa sababu mpandoni maumivu huja mapema. Kabla ya kuanza, mrudini kwa daktari mumwulize waziwazi kama moyo wake unaruhusu, maana mishipa ikibana mguuni, huenda na ya moyo imeguswa. Mkumbuke kuomba apimwe na sukari, kama hajapimwa. Na akiwa njiani akasikia maumivu kifuani, pumzi kukatika kupita kiasi au kizunguzungu, asimame na atafutiwe usafiri wa kwenda hospitali.

Yapo maumivu ambayo hayatembelewi. Mguu ukimuuma usiku amelala, akapata nafuu kwa kuuning'iniza nje ya kitanda, au kidole kikiwa na kidonda kisichopona au kikaanza kuwa cheusi, msingoje tarehe ya kliniki. Na mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukafa ganzi na kuuma kwa nguvu, hiyo ni dharura ya saa chache: tokeni hapo Mikindani moja kwa moja hadi Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, iwe mchana au usiku wa manane. Mtazameni nyayo kila jioni pia, hasa kama anakanyaga kile chuma cha cherehani bila viatu, kwa sababu mkwaruzo ambao kwako ni kitu cha siku tatu, kwenye mguu usio na damu ya kutosha unaweza kukaa miezi.

Turudi kwenye simu, kwa kuwa imekwisha kununuliwa. Nashauri ibadilishiwe kazi. Akiketi kwenye cherehani, simu itoke mfukoni ikae mezani. Akinyanyuka kwenda popote, iingie mfukoni, imezimwa sauti. Mjukuu amfundishe namna ya kuizima kwa kitufe kimoja, na suala la swala litakuwa limekwisha. Kuhesabu hatua hakuli bando, kwa sababu kazi hiyo hufanyika ndani ya simu yenyewe. Bando huliwa wakati wa kutuma. Kwa wiki mbili za kwanza mtu asimhimize wala asimpongeze. Andikeni tu anachotembea, mpate kiwango chake mwenyewe. Kama kiwango hicho ni hatua 1,800, basi 1,800 ndiyo kipimo cha kumlinganisha nacho, wala si cha kaka yako wala cha mtangazaji wa redio. Baada ya hapo mwatazama mwelekeo wa wiki kwa wiki. Siku moja ikishuka huenda ni mvua au msiba wa jirani. Ikishuka wiki nzima bila sababu mnayoijua, na hasa kama simu ilikuwa mfukoni, hapo simu imewaambia jambo ambalo Baba huenda asingeliambia, kwa sababu wazee wetu ni hodari wa kupunguza safari kimyakimya na kusema hawajambo.

Kuna kipimo kingine ambacho nakipenda zaidi, na kifaa chake Baba anacho shingoni kila siku. Futikamba ya fundi ina sentimita 150. Ipimeni mara 20 juu ya ardhi tambarare, mtapata mita 30, ambao ndio urefu wa njia inayotumika hospitalini kwa kile kipimo cha dakika 6. Wekeni jiwe kila mwisho. Simu itumike kama saa tu. Daktari akisharuhusu, Baba atembee kwenda na kurudi kwa dakika 6 kwa mwendo wake, akisimama kwa maumivu saa iendelee, na mjukuu ahesabu ni mara ngapi amefika kwenye jiwe. Mara 8 ni mita 240. Aandike pia mita ambapo maumivu yalianza. Akifanya hivyo mara moja kila wiki mbili, kwa saa ile ile na viatu vile vile, mtakuwa na hesabu ambayo cherehani haiwezi kuichafua. Sijui kwa nini hatuwafundishi watu hili kabla ya kuwauzia programu.

Hesabu hizo ziandikwe kwenye daftari la kliniki, mstari mmoja kwa kila kipimo: tarehe, mita za dakika 6, mita za kuanza maumivu, presha ya siku hiyo kama imepimwa. Muuguzi wako hakukosa adabu sana alipoikataa simu; ana wagonjwa wengi na picha thelathini za kioo cha simu hazisomeki kwa dakika mbili. Mistari sita ya mkono inasomeka. Na nikutahadharishe juu ya programu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera: kamera inaweza kuhesabu mapigo ya moyo kwa kuona jinsi rangi ya kidole inavyobadilika, lakini presha ya Baba ipimwe kwa mashine ya kufunga mkononi, wala dozi ya dawa isiguswe kwa sababu ya namba iliyotoka kwenye simu.

Kuhusu kundi la WhatsApp sina maneno ya kupamba. Ondoeni taarifa hizo huko leo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo katika zile ambazo sheria inaziita nyeti. Sikwambii uwashtaki ndugu zako, nakwambia tu kwamba hata serikali imeona mambo ya mwili wa mtu si ya kumwagwa uwanjani. Ila sheria yenyewe ni kitu kidogo hapa. Yule ni mzazi, na hakuna aliyemwuliza. Aulizwe sasa: anataka nani aone, mara ngapi, na kama hataki hata mmoja, basi daftari ni lake na daktari. Nadhani atakuruhusu wewe, ukienda kumwomba mwenyewe barazani, bila mjukuu kuwepo.

Kaka yako mpigie simu, usimwandikie. Mweleze habari ya kanzu kama kichekesho, kwa sababu ni kichekesho, kisha mwambie kwamba neno lake la kutembea lilikuwa la haki na wewe ndiye uliyekuwa ukimkalisha Baba. Ukianza kwa kukiri lako, na lake atalisikia. Saa janja asinunue. Itavaliwa mkono ambao kutwa nzima unasukuma kitambaa chini ya sindano, na mtaanza upya kubishana ni hatua gani za kweli. Kama fedha ipo, mwambie anunue mashine ya presha ya kufunga mkononi, na viatu vya kufunga, vyepesi, visivyobana vidole, vyenye soli nene, namba moja zaidi kama miguu ya Baba huvimba jioni. Nauli ya kliniki nayo aitenge kando isiingiliane na matumizi mengine.

Jambo moja umelitaja ukalipita haraka: daktari alisema aache sigara, na barua yako haisemi kama ameacha. Kama bado anavuta, hata moja baada ya futari, basi hilo ndilo la kwanza, kabla ya simu, futikamba na viatu, kwa sababu sigara inaendelea kuibana mishipa ile ile ambayo kutembea kunajaribu kuisaidia. Mwulize kwa upole anavuta ngapi, na mwende naye kwa daktari mkazungumze namna ya kumsaidia kuacha.